Wong Kim Ark: Mzawa Aliyedaiwa Vyeti

Wong Kim Ark alikuwa mpishi. Hakuongoza jeshi, hakuandika kitabu, wala hakushika cheo chochote cha serikali. Hata hivyo, jina lake limetajwa katika mahakama za Marekani kwa zaidi ya karne moja, na kesi inayobeba jina hilo ndiyo iliyokuwa nguzo ya uraia wa watoto wa wageni waliozaliwa katika nchi hiyo. La ajabu zaidi ni namna habari zake zilivyohifadhiwa. Wasifu wa watu mashuhuri aghalabu hutokana na barua zao, hotuba zao na kumbukumbu za waliowapenda. Wasifu wa Wong Kim Ark unatokana, kwa sehemu kubwa, na makaratasi ya maafisa waliotaka kumzuia asiingie katika nchi aliyozaliwa: hati za kiapo, fomu za safari, mahojiano, na picha zilizogongwa mihuri. Ni wasifu ulioandikwa na wapinzani wa mhusika mkuu, na msomaji hana budi kuusoma akilikumbuka jambo hilo.

Alizaliwa San Francisco, katika jimbo la California, kwenye nyumba nambari 751 ya barabara ya Sacramento, ndani ya mtaa wa Wachina. Mahakama iliuchukua mwaka wa 1873 kuwa mwaka wake wa kuzaliwa, ingawa hati nyingine humpa umri mkubwa zaidi na baadhi yazo hurudi nyuma hadi 1868. Tofauti hizi zisimshangaze msomaji. Kwa hesabu ya Wachina wa zama hizo, mtoto alizaliwa akiwa tayari ana mwaka mmoja, na mwaka mwingine ukaongezwa mwandamo wa mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ulipowadia. Karani wa forodha aliyetaka tarehe ya kizungu alipewa jibu lililobadilishwa kutoka hesabu moja hadi nyingine, kisha likapitia kinywani mwa mkalimani. Lililoandikwa mwishoni ndilo lililogeuka kuwa ukweli wa serikali.

Jina nalo lilikuwa na mkasa wake. Wong ni jina la ukoo, na kwa desturi ya Kichina jina la ukoo hutangulia. Kim Ark ndilo jina alilopewa, na katika maandishi ya Kichina lina herufi mbili, moja yenye maana ya dhahabu na nyingine yenye maana ya wema wa tabia. Maana hiyo haikuwahi kuingia katika jalada. Kilichoingia ni sauti tu, kama sikio la karani lilivyoipokea. Baba yake aliandikwa Wong Si Ping, na mama yake Wee Lee. Walikuwa wenyeji wa kusini mwa China waliokuwa na makazi na biashara San Francisco. Hawakuwa raia wa Marekani, na hata kama wangetaka wasingeweza, kwa kuwa sheria ya mwaka wa 1790 ilitoa uraia wa kuandikishwa kwa Wazungu peke yao, ikapanuliwa mwaka wa 1870 iwafikie watu wenye asili ya Kiafrika, na mwaka wa 1882 ikatajwa waziwazi kwamba Mchina asipewe.

Mwaka huo wa 1882 ndio uliobadilisha maisha ya kila Mchina nchini Marekani. Wachina walikuwa wamemiminika California tangu kugunduliwa kwa dhahabu katikati ya karne ya 19, na maelfu yao walikuwa wamepasua milima ili reli ya kuvuka bara ikamilike mwaka wa 1869. Kazi ilipopungua, chuki iliongezeka. Bunge likapitisha sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini kwa miaka kumi. Waliokuwamo tayari waliruhusiwa kutoka na kurudi, mradi wawe na cheti kutoka kwa forodha. Oktoba 1888, sheria nyingine ikavifuta vyeti hivyo vyote kwa mkupuo mmoja. Watu takriban 20,000 waliokuwa nje ya nchi wakijua kwamba wana ruhusa ya kurudi wakajikuta wameshika karatasi isiyo na thamani. Mmoja wao, Chae Chan Ping, alikuwa yungali baharini sheria ilipopita. Alifika bandarini siku chache baadaye, cheti mkononi, akakataliwa. Mahakama ya Juu iliunga mkono kukataliwa kwake mwaka wa 1889.

Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1892, iliyomlazimu kila kibarua wa Kichina kubeba cheti cha ukaazi. Ndani yake mliandikwa jina, umri, kazi, kimo, rangi ya ngozi na alama za mwili, na punde si punde picha ikaongezwa. Aliyekamatwa bila cheti hicho alihesabiwa mkosaji mpaka athibitishe kwamba alikuwa na haki ya kuwamo nchini, na uthibitisho huo ulihitaji angalau shahidi mmoja mwaminifu ambaye ni Mzungu. Msomaji anayezijua habari za kipande hatahitaji maelezo marefu. Vyama vya Wachina viliwashauri watu wao wasijiandikishe, na wengi walikataa kufanya hivyo hadi Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha sheria hiyo mwezi wa Mei 1893.

Hayo ndiyo mazingira aliyokulia Wong Kim Ark. Wazazi wake walirejea China mnamo mwaka wa 1890, wakabaki huko. Yeye alifuatana nao, akaoa mke aliyeandikwa kwa jina la Yee Shee, na kurudi peke yake California. Tarehe 26 Julai 1890 aliteremka San Francisco, na mkuu wa forodha akamruhusu kuingia kwa sababu moja tu: kwamba alikuwa mzaliwa wa hapo. Sababu hiyo ilimtosha, kwani tangu mwaka wa 1884 Jaji Stephen Field alikuwa ameamua, katika kesi ya kijana Look Tin Sing aliyezaliwa Mendocino, California, kwamba mtoto wa Wachina aliyezaliwa Marekani ni raia. Wong akaendelea na kazi yake ya upishi.

Novemba 1894 aliamua kusafiri tena kwenda kuwaona mkewe na jamaa zake katika wilaya ya Taishan, mkoa wa Guangdong. Safari hii alijiandaa. Pasipoti haikuwa ya lazima kwa msafiri wa siku hizo, na Mmarekani mweupe angeweza kupanda meli, akazunguka nusu ya dunia na kurudi nyumbani bila kuulizwa chochote. Kwa Mchina mambo yalikuwa mengine. Wong aliandaliwa hati ya kiapo ya ukurasa mmoja, yenye tarehe 5 Novemba 1894, ambayo ndani yake mashahidi Wazungu walikiri kumfahamu vizuri, wakathibitisha kwamba alizaliwa katika mji na kaunti ya San Francisco, wakaeleza kuwa anakwenda China kwa muda tu. Picha yake ikabandikwa kwenye hati ili asije mtu mwingine akaitumia.

Hati hiyo ipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani. Inastahili kutazamwa kwa makini na mtu yeyote anayejishughulisha na matini, kwa maana ina mgawanyo wa ajabu wa sauti. Anayehusika hasemi, wanaosema ni wengine kwa niaba yake. Mama yake aliyemzaa asingeweza kuwa shahidi wa kutosha wa kuzaliwa kwake, wala mkunga, wala jirani wa mtaa wa Wachina, kwa kuwa neno la Mchina lilidhaniwa kuwa uongo mpaka lithibitishwe. Neno la mfanyabiashara Mzungu lilidhaniwa kuwa kweli. Hivyo basi, karatasi ile ilibeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Ilisema kwamba Wong ni mzaliwa wa nchi, na kwa kule kuhitajika kwake ikasema pia kwamba si mzaliwa kama wengine.

Agosti 1895 alirudi kwa meli iliyoitwa Coptic. Karatasi zake zilikuwa kamili. Mkuu wa forodha wa San Francisco, John H. Wise, alikuwa mtu aliyejulikana kwa ukali wake katika kuwazuia Wachina, naye akakataa kumruhusu kuteremka. Safari hii hoja haikuwa kwamba hati ni ya kughushi. Forodha haikubisha kwamba Wong alizaliwa barabara ya Sacramento. Hoja ilikuwa kwamba kuzaliwa huko si kitu: kwamba mtoto wa wazazi waliokuwa raia wa China ni Mchina popote atakapozaliwa, na kibarua wa Kichina amekatazwa na sheria kuingia. Miongoni mwa waliokuwa wakiishikilia hoja hii ni wakili wa San Francisco, George D. Collins, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika na kuishawishi serikali itafute kesi ya kuubatilisha uamuzi wa Jaji Field. Kesi hiyo sasa ilikuwa imepatikana.

Wong hakushushwa nchi kavu. Meli zina ratiba zake, na Coptic ilipokaribia kung'oa nanga alihamishiwa meli nyingine, kisha nyingine tena. Kwa muda wa miezi mitano hivi alikaa mbele ya mji wake, akiwa ndani ya meli zilizotia nanga ghubani. Aliweza kuuona mji, kuukanyaga hakuruhusiwa. Wasomi wa sheria hulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye hukumu, lakini kwa mtu mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, miezi mitano ya kuhamishwa kama shehena kutoka meli hadi meli si utangulizi wa kesi. Ndiyo kesi yenyewe kama alivyoiishi.

Msaada ulitoka kwa jumuiya yake. Chama kikuu cha Wachina wa San Francisco, kilichojulikana kwa jina la Kampuni Sita, kilikuwa na desturi ya kuwalipia wanachama mawakili, nacho kilimwajiri Thomas Riordan. Tarehe 2 Oktoba 1895 Riordan aliiomba mahakama iamuru mteja wake afikishwe mbele yake ili sababu za kuzuiliwa kwake zichunguzwe. Jaji William Morrow wa mahakama ya wilaya alisikiliza pande zote mbili, na tarehe 3 Januari 1896 akaamua kwamba Wong ni raia. Inafaa kukumbuka kuwa jaji huyo alionyesha kwamba alifungwa na uamuzi uliotangulia wa Field, na ndiyo maana pande zote zilijua kuwa neno la mwisho lingetoka Washington. Wong akaachiliwa kwa dhamana, serikali ikakata rufaa.

Rufaa ilisikilizwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Machi 1897, na mahakama ikakaa na shauri hilo kwa mwaka mzima. Swali lilizunguka maneno machache ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1868 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hasa kwa ajili ya kuwahakikishia uraia watu weusi waliotoka utumwani. Marekebisho hayo yanampa uraia kila aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Je, mtoto wa Mchina yuko chini ya mamlaka hayo, au yuko chini ya mamlaka ya mfalme wa China kupitia damu ya baba yake? Ubishi ulikuwa kati ya ardhi na nasaba.

Tarehe 28 Machi 1898 majaji sita dhidi ya wawili waliichagua ardhi. Jaji Horace Gray, aliyeandika hukumu, alirudi nyuma hadi sheria za kale za Uingereza, ambazo zilimhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya himaya kuwa wa himaya hiyo, wazazi wake wawe nani. Alizitaja hali chache tu zinazomtoa mtoto katika kanuni hiyo, mathalani watoto wa mabalozi, watoto wa adui aliyeiteka sehemu ya nchi, na wale wa makabila ya Wahindi Wekundu waliokuwa na utawala wao. Wong hakuwa miongoni mwao. Aidha, Gray alionya kwamba kumnyima uraia mtoto wa Mchina kungewanyima pia maelfu ya watoto wa Waingereza, Waskoti, Waayalandi na Wajerumani, ambao daima walichukuliwa kuwa raia. Yamkini hoja hii ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Wong aliokolewa, kwa kiasi fulani, na Wazungu ambao mlango huohuo ungefungwa mbele yao.

Jaji Mkuu Melville Fuller alipinga, akiungwa mkono na Jaji John Marshall Harlan. Jina la Harlan hushtua hapa, kwa maana ni yeye aliyesimama peke yake mwaka wa 1896 katika kesi ya Plessy kuupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi, na sifa yake yote imejengwa juu ya msimamo huo. Ukweli ni kwamba katika hukumu hiyohiyo ya Plessy aliwataja Wachina kama jamii ya kando isiyofaa kuwa na uraia. Upenzi wa usawa ulikuwa na mpaka wake.

Hukumu ya 1898 ilidumu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jitihada za kuwaondoa Wamarekani wenye asili ya Kijapani katika orodha ya wapigakura zilishindwa mahakamani kwa sababu yake. Mnamo Januari 2025, Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wa baadhi ya wageni, mawakili walilifungua upya jalada la mpishi huyu, na jina lake likaanza kutajwa tena mbele ya majaji.

Lakini maisha ya Wong hayakuishia kwenye hukumu, na ni katika sehemu hii ya baadaye ndipo wasifu wake unapogeuka kuwa wa kuhuzunisha. Mtu angetarajia kwamba raia aliyetambuliwa na mahakama kuu kuliko zote asingeulizwa tena. Oktoba 1901, miaka mitatu na nusu baada ya ushindi wake, Wong alikamatwa El Paso, mji wa Texas ulio mpakani na Meksiko. Afisa wa uhamiaji alimshtaki kwa kuwa kibarua wa Kichina aliyemo nchini kinyume cha sheria. Ilimbidi aweke dhamana ya dola 300, na kesi ikachukua miezi kadhaa kabla ya kutupiliwa mbali mwaka wa 1902. Afisa alipomtazama aliona sura. Hukumu ya Mahakama ya Juu haionekani usoni. Raia huyu alihitaji kutembea na ithibati mfukoni, na palipokuwa na shaka, ithibati hiyo nayo ilihitaji ithibati.

Tarehe 18 Aprili 1906 mtetemeko mkubwa wa ardhi uliitikisa San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza jumba la halmashauri ya mji pamoja na vitabu vya kumbukumbu za uzazi. Maafa hayo yalikuwa, kwa Wachina, mlango usiotarajiwa. Yeyote aliweza sasa kudai kwamba alizaliwa mjini humo na kwamba cheti chake kimeungua. Aliyekubaliwa kuwa raia aliweza kusafiri China, akarudi na kutangaza kwamba amepata mtoto wa kiume. Tangazo likaandikwa, na nafasi ya mtoto huyo ikawa mali inayoweza kuuzwa kwa kijana asiye na njia nyingine ya kuingia. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi. Walibadili majina, wakajifunza kwa moyo ukoo ambao haukuwa wao, na wengi waliishi na kuzikwa kwa majina hayo. Ni rahisi kuwalaumu kwa udanganyifu. Hata hivyo, sheria iliyomwamini mtu kwa karatasi peke yake, huku ikimnyima njia halali ya kuipata, ilikuwa imewafundisha somo lenyewe.

Serikali ilijibu kwa maswali. Januari 1910 kituo cha uhamiaji kilifunguliwa katika Angel Island, kisiwa kilichomo ndani ya ghuba ya San Francisco, na kikaendelea kutumika hadi moto ulipounguza jengo lake la utawala mwaka wa 1940. Huko wasafiri wa Kichina walizuiliwa kwa siku, majuma, na wengine kwa miezi, wakihojiwa mbele ya jopo la maafisa. Maswali hayakuhusu tu jina na umri. Je, kijiji kina nyumba ngapi na safu ngapi? Nani anaishi katika nyumba ya tatu? Kisima kiko upande gani? Mlangoni pana vidato vingapi? Pipa la mchele huwekwa wapi? Mababu walizikwa wapi, na bibi alifariki mwaka gani? Baada ya hapo baba, au jamaa aliyedai kuwa baba, aliulizwa yaleyale akiwa mbali, na majibu yakalinganishwa. Wasafiri waliandikiwa vijitabu vya majibu, wakavihifadhi kichwani wakiwa baharini, kisha wakavitupa majini kabla ya kufika. Kasoro ya utaratibu huu haikuhitaji mtaalamu kuigundua: mwongo aliyekariri vizuri alipita, ilhali mkweli aliyesahau idadi ya vidato alirudishwa.

Wong Kim Ark aliyaonja hayo kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka wa 1910 kijana Wong Yook Fun, mwanawe wa kwanza, aliwasili San Francisco. Kwa sheria ya wakati huo, mtoto wa kiume wa raia aliyezaliwa ng'ambo alikuwa raia kupitia baba yake, na hapana baba wa Kichina nchini kote ambaye uraia wake ulikuwa umethibitishwa kuliko wa baba huyu. Jopo halikuugusa uraia wake. Lilichokihoji ni ubaba wake. Baba na mwana waliulizwa maswali, majibu yao yakatofautiana hapa na pale, na maafisa wakahitimisha kwamba kijana huyu si mwanawe. Ikumbukwe kwamba Wong alikuwa ameondoka China kijana huyo akiwa hajafikia umri wa kumtambua, na ni sheria yenyewe iliyowafanya waishi katika mabara mawili. Kutofahamiana kwao kulikuwa zao la utengano huo, kisha kukatumiwa kuwa ushahidi dhidi yao. Januari 1911 kijana alirudishwa China.

Pahali pale walipozuiliwa wasafiri pana jambo linalowahusu wanafunzi wa fasihi moja kwa moja. Katika kuta za mbao za bweni, waliokuwa wakingoja waliandika na kuchonga mashairi kwa kufuata kanuni za ushairi wa jadi wa Kichina, zaidi ya 200 yaliyohifadhiwa. Jengo lilikuwa likisubiri kubomolewa mwaka wa 1970 mlinzi mmoja wa hifadhi ya kisiwa alipoyagundua na kuyapigania. Mengi ya mashairi hayo hayakutiwa saini. Watu waliolazimishwa kujieleza kwa jopo, wakijua kuwa kila neno laweza kuwarudisha, walipata ukuta ambao haukuwauliza jina. Wasomaji wa majalada ya uhamiaji wangefanya vyema kuyasoma sambamba na kuta hizo, kwani jalada peke yake lina sauti ya anayeuliza zaidi ya sauti ya anayejibu.

Wana wengine watatu wa Wong walikubaliwa kuingia kati ya mwaka wa 1924 na 1926. Wa mwisho, Wong Yook Jim, aliwasili akiwa na umri wa miaka 11, naye alikuja kulitumikia jeshi la wanamaji la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nchi iliyobisha hodi ya nduguye ilimpokea yeye, na baadaye ikamvika sare.

Yee Shee, mama yao, hakuja. Hata jina lake halimo katika makaratasi kwa maana halisi, kwa kuwa Shee si jina bali ni neno la kumtambulisha mwanamke aliyeolewa anayetoka katika ukoo fulani. Yee Shee maana yake ni mke aliyezaliwa katika ukoo wa Yee, basi. Wake wengi wa Wachina wa Marekani walibaki vijijini namna hiyo, wakipokea fedha na barua, na kumwona mume mara tatu au nne katika maisha ya ndoa nzima. Ikiwa Wong amepunjwa na jalada, mkewe amepunjwa zaidi: ametajwa mara nyingi ili kuthibitisha wana ni wa nani, na hakuhojiwa hata mara moja.

Katika miaka hiyo yote Wong aliendelea kusafiri, na kila safari ilianza kwa fomu. Kufikia wakati huo ilikuwapo fomu maalumu, nambari 430, kwa ajili ya watu wa hali yake. Kichwa chake kilichopigwa chapa kilieleza kwamba ni ombi la mtu wa asili ya Kichina anayedaiwa kuwa raia wa Marekani, anayeomba hali yake ichunguzwe kabla hajaondoka. Neno hilo la kudaiwa halikuandikwa kwa kalamu na karani mwenye chuki. Lilikuwa la mtambo wa chapa, sawa kwa wote, na hapakuwa na nafasi ya kulikata hata kwa yule ambaye uraia wake ulikuwa umesomwa na kuamuliwa Washington.

Julai 1931, akiwa mzee wa takriban miaka sitini, Wong Kim Ark aliijaza fomu hiyo kwa mara ya mwisho. Picha iliyobandikwa inamwonyesha mtu aliyekonda kidogo, akiitazama kamera moja kwa moja. Alitaja pale alipozaliwa, kama alivyokuwa akitaja tangu ujana. Akapanda meli kwenda China akiwa amechunguzwa na kuandaliwa ruhusa ya kurudi California, na hakurudi. Sheria ya kuwazuia Wachina ilifutwa tarehe 17 Desemba 1943, na Wachina wote duniani wakagawiwa nafasi 105 za kuingia Marekani kila mwaka. Jalada la Wong lilipelekwa San Bruno, kusini mwa San Francisco, katika tawi la hifadhi ya nyaraka za taifa, mwendo mfupi kwa gari kutoka barabara ya Sacramento.